Nyasi Iliyopandwa kwa Nia Njema: Historia ya Gugu Moja na Bustani Zetu

(Muziki wa kufungua. Sauti inashuka.)

Haya ni maandishi ya kipindi chetu cha bustani. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao betri za redio zimewaishia, na kwa vikundi vinavyopenda kusoma tena polepole baada ya kusikiliza.

Leo sitaanza na mbegu wala mbolea. Nitaanza na historia, na mwisho wa historia hiyo utaukuta kwenye kipande chako cha ardhi, hapo nyuma ya nyumba.

Unaijua nyasi inayorudi. Unalima wiki hii, unapanda maharage, unashukuru Mungu. Baada ya siku kumi unaona vichwa vya kijani, vyembamba kama sindano, vimetoka katikati ya mistari yako. Unalima tena, vinaongezeka. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita sangari. Waganda wanaiita olumbugu. Anayesema Kinyarwanda anaiita urwiri. Mama mwenye kipande kidogo na watoto watano hahitaji kuambiwa hasara yake. Mgao wa chakula ukipungua, kile kipande ndicho kinachojaza sufuria, na nyasi hii inakula kwanza.

Sangari ina binamu yake mmoja wa mbali. Binamu huyo hana sifa nzuri, ila habari zake zimeandikwa vizuri: siku alipopandwa, mtu aliyempanda, watu waliotoa jasho kumng'oa, na hata siku alipofikishwa mahakamani. Ukimjua yeye, utaijua tabia ya sangari, na utajua pia kosa ambalo wakulima wengine walilifanya kabla yetu. Kwa Kiingereza anaitwa kwa jina la mtu mmoja, Johnson. Wataalamu wa mimea wanamwita Sorghum halepense. Mimi nitasema tu nyasi ya Johnson.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na ukoo wake. Neno la kwanza la lile jina la kitaalamu, Sorghum, ni mtama. Ndiyo, mtama huu huu tunaousaga kwa ajili ya ugali na uji. Mtama ni mtoto wa Afrika. Karibu na Kassala, mashariki mwa Sudan, wachunguzi wa mambo ya kale walikuta vipande vya vyungu vyenye alama za punje za mtama, na vyungu hivyo vina zaidi ya miaka 5,000. Watu wa huko walikuwa wameshaanza kuchagua mbegu bora na kuzipanda. Kutoka Afrika mtama ulisafiri hadi Uarabuni, India na mbele zaidi. Katika safari hizo ulikutana na ndugu yake wa mwituni wa Asia, mwenye shina linalotambaa chini ya ardhi. Wakachanganyika. Uzao wao ndio nyasi ya Johnson: jani kama la mtama, lakini chini ya ardhi ana tabia nyingine kabisa.

Neno la pili, halepense, maana yake ni "ya Aleppo". Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliipa nyasi hii jina la mji huo katika kitabu chake cha mwaka 1753. Aleppo ni mji wa Syria. Waarabu wanauita Halab. Huenda umeusikia kwenye habari, kwa sababu vita vilivyoanza nchini Syria mwaka 2011 viliuharibu vibaya, na watu wengi wa mji ule leo wanaishi ugenini kama sisi.

Katika nchi za huko, kuanzia Bahari ya Kati hadi Asia ya magharibi, nyasi hii ilikuwa inajulikana tangu zamani. Wakulima waliizoea, mifugo waliila, na palipokuwa na shamba la ngano au pamba, watu waliing'oa.

Sasa tuvuke bahari. Miaka ya 1830, kusini mwa Marekani, wenye mashamba makubwa ya pamba walikuwa na tatizo. Pamba ilikuwa imechosha udongo, na nyumbu na ng'ombe wao walihitaji malisho yanayostahimili joto na kiangazi. Simulizi iliyozoeleka inasema kwamba mbegu za nyasi hii zilitoka Uturuki zikafika South Carolina, kwenye shamba la mtu aitwaye John Means, ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo hilo. Ndiyo maana wengine kwanza waliiita nyasi ya Means. Kisha, kama mwaka 1840, mwenye shamba mwingine, Kanali William Johnson, alichukua mbegu akazipanda katika ardhi yake karibu na mto Alabama, katika jimbo la Alabama. Ilistawi sana. Majirani wakaja kuangalia, wakaomba mbegu. Wauzaji wa mbegu nao wakaona biashara.

Msikilizaji, usiwacheke watu hawa. Ukiangalia kwa macho ya siku ile, walifanya jambo la akili. Nyasi ilitoa majani mengi. Ilikatwa mara mbili au tatu kwa mwaka na bado ikarudi. Ilishika udongo. Jua halikuiua. Kila sifa mkulima anayoitafuta katika malisho, ilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba sifa hizo hizo ndizo zilizoifanya isiondoke pale ilipokuwa haitakiwi tena.

Waliangalia juu ya ardhi, hawakuangalia chini.

Chini kulikuwa na nini? Chukua jembe, chimba taratibu kandokando ya shina la nyasi ya Johnson. Utakuta kitu cheupe, kinene kama kidole, kinakwenda pembeni. Sisi tunasema ni mzizi, lakini si mzizi. Ni shina linalotambaa ndani ya udongo. Lina vifundo kama muwa, na kila kifundo kina jicho. Kila jicho linaweza kuwa mche mpya. Mche mmoja, katika msimu mmoja mzuri, unaweza kutoa zaidi ya mita 60 za shina hilo ukijumlisha matawi yake yote. Juu unaweza kutoa mbegu zaidi ya 20,000, na baadhi ya mbegu hizo zinakaa udongoni miaka kadhaa zikisubiri mvua na nafasi. Kwa hiyo ukiikata juu, chini bado iko. Ukiikata chini vipande kumi, umepanda miche kumi.

Na hapa nataka tujiulize: nani alikuwa anailima pamba ile? Si kanali. Mwaka 1860, katika jimbo la Alabama peke yake, kulikuwa na watu zaidi ya 400,000 waliofanywa watumwa, watoto na wajukuu wa watu waliotekwa Afrika. Wao ndio walioshika jembe. Mwenye shamba aliamua nyasi ipandwe, ila mgongo uliouma siku ilipoingia kwenye pamba haukuwa mgongo wake. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, wengi wao walibaki wakilima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Mtu wa namna hiyo, asiye na ardhi yake, ndiye aliyepewa kipande kilichojaa nyasi. Mavuno yakipungua, deni lilikuwa lake.

Mkimbizi anaelewa jambo hili haraka. Sisi pia tunalima ardhi ambayo si yetu, na mara nyingi tunakuta ndani yake mambo ambayo hatukuyapanda.

(Muziki mfupi.)

Baada ya miaka michache nyasi haikusubiri tena kupandwa. Ilisafiri ndani ya marobota ya nyasi kavu. Ilisafiri tumboni mwa ng'ombe na ikashuka na mavi yao. Ilisafiri na maji ya mafuriko, na ndani ya magunia ya mbegu za nafaka ambazo hazikupepetwa vizuri. Zaidi ya yote ilifuata reli. Mabehewa yalibeba ng'ombe na malisho, mbegu zikadondoka njiani, na kandokando ya reli hakuna aliyekuwa akilima. Nyasi ikasimama pale, ikatoa masuke, upepo na maji vikazipeleka mbegu kwenye mashamba ya watu. Kabla karne ya 19 haijaisha, ilikuwa imeshaingia Texas, na bei ya ardhi yenye nyasi hiyo ikashuka.

Mwaka 1900 Bunge la Marekani lilitenga fedha za kutafuta njia ya kuimaliza. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kuu ya nchi ile kutoa fedha kwa ajili ya kupambana na gugu. Fikiria: miaka 60 tu baada ya kanali kugawa mbegu kwa majirani.

Mwaka uliofuata, 1901, jimbo la Texas lilipitisha sheria. Sheria ilisema hivi: kampuni ya reli ikiacha nyasi ya Johnson ikomae na kutoa mbegu kandokando ya reli yake, mwenye shamba linalopakana na reli anaweza kuidai dola 25, pamoja na hasara aliyopata. Lakini kulikuwa na sharti. Mwenye shamba ambaye naye ameacha nyasi hiyo ikomae kwenye ardhi yake hana haki ya kudai. Kwanza safisha kwako, ndipo umshitaki jirani.

Kampuni moja ya reli ilikataa. Ikasema sheria inawaonea wenye reli peke yao, kwa sababu watu wengine wenye nyasi hiyo hawatozwi. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani, na mwaka 1904 mahakama hiyo ikasema sheria ya Texas ni halali. Mkulima jirani akashinda, kampuni ya reli ikashindwa. Kwa ajili ya nyasi!

Kwa nini nakusimulia kesi hii? Kwa sababu inaonyesha jambo ambalo jembe peke yake haliwezi kulitatua. Nyasi inayotambaa haijui mpaka. Ukisafisha kipande chako vizuri kabisa na jirani yako asisafishe, baada ya msimu mmoja utakuwa pale pale ulipoanzia. Watu wa Texas walilijua hilo kwa gharama, ndipo wakaandika sheria. Sisi tunaweza kulijua kwa kukaa kikao.

Kuhusu njia ya kuimaliza, wataalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani walifanya majaribio, na mwaka 1907 walitoa kijitabu kwa wakulima. Njia waliyoieleza haikuhitaji dawa. Walisema: usikimbilie kulima kwa nguvu. Kwanza ichoshe. Kwa msimu mzima ikate au ilishie mifugo ikiwa fupi, usiiache iinuke. Jani ndilo jiko la nyasi, ndilo linalopika chakula kinachowekwa akiba chini. Ukilinyima jani nafasi, shina la chini linatumia akiba yake bila kuirudisha. Linakuwa jembamba, linapanda karibu na uso wa ardhi. Hapo sasa, lima kwa kina kifupi, toa mashina yale, yaanike. Adui aliyekwisha kudhoofika anang'oka.

Miaka mingi baadaye zilikuja dawa za kuua magugu, na wakulima wakapumua. Lakini si kwa muda mrefu. Argentina, ambako nyasi hii inaitwa mtama wa Aleppo na ambako nayo iliingizwa kama malisho, wakulima wa soya walipiga dawa ya aina moja mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaona baadhi ya nyasi hazifi tena. Zilizobaki hai ndizo zilizotoa mbegu.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi kambini, tuchukue somo moja baada ya jingine.

Somo la kwanza ni kuitambua nyasi kabla hujaigusa. Nyasi ya Johnson ikiwa changa inafanana sana na mtama au hata mahindi. Jani ni pana, lina mshipa mweupe katikati. Ikikomaa inaweza kupita urefu wa mtu, na suke lake limetawanyika, lina rangi ya zambarau au wekundu, wala halikushikana kama suke la mtama wetu. Punje ni ndogo, na zikiiva zinadondoka zenyewe. Ukiwa na shaka, chimba. Mtama tunaoupanda hauna shina jeupe linalotambaa chini. Sangari ni ndogo zaidi: jani jembamba, nyasi fupi inayolala, suke lenye vidole vyembamba kadhaa, na chini mashina membamba kama uzi mgumu, yenye ncha kali. Ncha hizo hutoboa hata kiazi. Ukichimbua kiazi ukakuta nyasi imepita katikati yake, ujue ni mambo ya namna hiyo.

Kwa wenye mbuzi kuna neno la ziada. Nyasi ya Johnson, na hata majani machanga ya mtama wa kawaida, yana sumu ya jamii ileile iliyo ndani ya muhogo mchungu. Sumu inazidi majani yakiwa mateke, yakichipua upya baada ya kukatwa, au yakinyauka kwa ukame. Mama zetu hawapiki muhogo mchungu bila kuuloweka na kuuanika. Basi usimfunge mbuzi kwenye machipukizi ya mtama, hata kama ni kijani na anayalilia. Mbuzi anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Somo la pili: usikatekate ukaacha. Kulima sangari kwa haraka, kuvunja vipande na kuviacha kwenye udongo wenye unyevu, ni kuipanda. Tumia jembe uma kama kikundi chenu kina moja, kwa sababu meno yake yanainua shina zima bila kulikata. Kama huna, lainisha udongo kwa jembe, kisha fuata shina kwa mkono hadi mwisho wake. Ni kazi ya polepole. Anza na kipande kidogo, hatua tano kwa tano, ukimalize kabisa ndipo uende kingine.

Somo la tatu: chagua wakati. Kiangazi ni rafiki yako. Mashina yaliyong'olewa wakati wa jua kali, yakatandazwa juu ya mawe au bati kuukuu kwa siku nyingi mpaka yavunjike kama kijiti kikavu, yamekufa. Yaliyotupwa kwenye lundo la mboji yakiwa bado na maji, yatakurudia pamoja na mbolea. Yaliyotupwa kwenye njia, mtaro au mpaka wa jirani, yatakurudia pamoja na ugomvi.

Somo la nne: isiache ipumzike. Baada ya kung'oa, machipukizi machache yatatoka. Hayo ndiyo ya kuyafuatilia. Pita kila wiki, ng'oa yakiwa mafupi kuliko kidole. Kama eneo ni kubwa na huwezi kung'oa lote, kata mara kwa mara, nyasi isifike hata nusu ya goti, na isitoe suke kamwe. Kisha ifunike. Sangari haipendi kivuli. Panda kunde au maboga kwa karibu, majani yao yafunike udongo. Tandaza majani makavu ya migomba au mabua, mazito, usione udongo. Hutaimaliza kwa msimu mmoja. Msimu wa pili utaona tofauti.

Kuhusu dawa za dukani, nasema kwa uangalifu. Bei yake ni kubwa kwetu, na nyingine huua mboga pamoja na nyasi. Ukimwona mtu anauza dawa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi, usinunue. Na kopo la dawa lisitumiwe kamwe kwa maji wala mafuta ya kupikia, hata likioshwa mara kumi.

Somo la tano ndilo lililo kubwa, na linamhusu anayepanda. Wengi wetu tunataka nyasi. Tunataka kushika udongo mvua isilete korongo mlangoni. Tunataka chakula cha sungura na mbuzi. Hayo ni mahitaji ya kweli, kama ya yule kanali. Basi kabla ya kupanda nyasi uliyopewa, ing'oe moja uangalie chini. Ikiwa ina mashina yanayotambaa, au inatoa mbegu nyingi zinazodondoka, iogope. Chagua inayokaa pamoja kama kichaka. Mchaichai ni mfano mzuri: unakaa kwenye tuta lake, unashika udongo wa mpaka, na jioni unaukata unachemsha chai. Vetiva nayo inateremsha mizizi yake chini kabisa, haitambai, na huongezwa kwa kugawa kichaka. Na punje za mtama zilizokuja kwenye gunia la mgao ni chakula. Si mbegu zilizochaguliwa, na huwezi kujua kilichochanganyika nazo. Pika, usipande.

Somo la sita: kaeni kikao. Watu wenye vipande vinavyopakana wachague siku moja, wote walime siku hiyo, mpaka usafishwe pande zote mbili. Chimbeni mtaro mdogo kwenye mpaka, ili shina likipita lionekane na likatwe. Kama jirani ni mzee, mgonjwa, au mama aliyejifungua juzi, mlimieni. Msifanye hivyo kwa huruma peke yake. Nyasi iliyobaki kwake itakuja kwako. Na ikiwa jirani ni mwenyeji wa hapa, mpelekee salamu kabla ya malalamiko. Kumbukeni ile sheria ya Texas: mwenye kudai awe kwanza amesafisha kwake.

(Muziki mfupi.)

Kabla sijaaga, kuna jambo moja ninalotaka kulisema wazi, hasa kwa vijana wenzangu.

Magugu yanayotoka mbali yanaitwa magugu vamizi. Na pengine umewahi kusikia mtu, hasira zikimpanda, akiwaita wakimbizi kwa neno hilo hilo: wavamizi, magugu. Linauma. Basi kumbuka ulichosoma leo. Nyasi ya Johnson haikutoka Syria au Uturuki kwa kukimbia risasi. Ilibebwa na watu wenye mashamba, kwa faida yao, na hawakuuliza itakuwaje kwa wengine. Nyasi haiwezi kuona imezidi ikarudi nyuma. Haiwezi kukaa kikao, kukubaliana mpaka, wala kumlimia jirani aliye mgonjwa. Wewe unaweza, na wengi wenu mnafanya kila siku. Watu wa Aleppo walioko ugenini leo wanaweza pia. Mtu akikuita gugu, mwonyeshe bustani yako na ile ya jirani uliyomsaidia. Huna haja ya kujibu zaidi.

Na kwa upande wetu pia tuwe waaminifu. Ardhi hii tumepewa tuitumie. Siku moja, Mungu akipenda, tutarudi nyumbani au tutahamishiwa kwingine, na mtu mwingine atashika jembe hapa. Asikute tumemwachia kazi ya kung'oa tuliyoyapanda bila kufikiri. Watu wa Alabama walioshika jembe walirithi kazi ya namna hiyo, wao, watoto wao na wajukuu wao.

Wiki ijayo, kama umeme wa studio utaturuhusu, tutazungumzia jinsi ya kuhifadhi mbegu za mboga za majani bila kununua. Mpaka hapo, angalia chini ya nyasi yako. Mimi ni mtangazaji wako wa kambi. Kwaherini, na mbaki na amani.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika lugha yako, nyasi inayorudi inaitwaje? Mleteni kila mmoja mche wake na mzizi wake wote, mlinganishe.

2. Nani katika bloku yenu amepanda nyasi kwa ajili ya mifugo au kushika udongo? Je, inatambaa au inakaa kama kichaka?

3. Vipande vya nani vinapakana na chako? Mnaweza kuchagua siku gani ya kiangazi mlime mpaka pamoja?

4. Ni jirani gani hana nguvu ya kulima msimu huu, na nani atamsaidia?